Mashine haitoi moto, fundi anakimbilia kukuuzia koili: hii tabia Nairobi ikome

Wadau, nimekuja hapa na hasira na sitaificha. Mvua ya masika imeshika, nyasi ya Kikuyu inaota usiku na mchana, na mashine yangu ya kukata nyasi ilikuwa imelala kwa fundi mjini huku wateja wa Karen na Lavington wakinipigia kuuliza kama bado nafanya kazi. Shida ilikuwa waya moja nyembamba iliyochubuka. Kabla mtu yeyote hajaitazama hiyo waya, nilikuwa nimeshauziwa koili (kile kifaa kinachokuza umeme wa kuwasha injini) na plagi (inayorusha cheche), na kidogo tu niuziwe injini nzima.

Mambo yalikwenda hivi. Injini ilizima katikati ya kazi. Ukivuta kamba inazunguka, petroli ipo, oili ipo, lakini haishiki. Tukafungua plagi, tukaichomeka tena kwenye kofia yake, tukagusisha chuma chake kwenye bodi ya injini, kijana wangu akashika mkono wa breki kwenye mpini, nikavuta kamba. Hakuna cheche. Mpaka hapo hatubishani, moto haukuwepo. Ndipo nikaipeleka kwa fundi.

Huyo fundi hakufungua hata skrubu moja. Alivuta kamba, akatikisa kichwa, akasema, "Bosi wangu, koili imeungua. Toa 3,500 nikuletee." Nikatuma kwa M-Pesa. Koili ikafungwa, moto hakuna. Akasema basi ni plagi. Plagi ikabadilishwa, moto hakuna. Sasa akageuka, akasema sumaku ya flaiwili (lile gurudumu zito linalozunguka na injini) imekufa na kwamba dawa ni injini mpya, na anamjua mtu anayeuza. Nilipodai pesa ya koili akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: spea za umeme zikiuzwa hazirudishwi. Nikauliza, na ile koili yangu mliyotoa iko wapi? Eti ilikuwa takataka, ilishatupwa.

Nikabeba mashine yangu nikaenda Kariobangi kwa mzee mmoja anayetengeneza jenereta. Jambo la kwanza alilouliza ni, "Kijana wangu, nani amepima waya ya kuzima?" Hakuna aliyepima. Alitoa kifuniko cha juu, akachomoa ile waya nyembamba inayoingia kwenye koili, akaiweka kando isiguse chuma popote, akavuta kamba. Cheche ikaruka, ya buluu, ina sauti. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Alinitoza shilingi 500 pamoja na kuweka waya nyingine na kuifunga vizuri.

Nawaeleza kwa nini, ili mwingine asiibiwe kama mimi. Injini hizi ndogo hazihitaji betri ili zitoe moto. Flaiwili ina sumaku, na kila ikipita mbele ya koili inazalisha umeme, koili inaukuza, plagi inarusha cheche. Ili injini izime, kuna waya moja kutoka kwenye koili inayogusishwa kwenye chuma cha injini. Ikigusa chuma, moto unakufa. Hiyo ndiyo kazi yake. Kwenye mashine ya kusukuma kwa mkono, waya hiyo inashuka hadi kwenye swichi ndogo karibu na breki ya flaiwili. Ukiachilia mkono wa kwenye mpini, breki inashika na swichi inazima moto kwa pamoja.

Kwa hivyo waya ikichubuka mahali inapopita chini ya kifuniko, ikagusa chuma, mashine inaamini umeizima. Kebo ya mpini ikilegea, breki inaweza kuachia kiasi cha kamba kuvutika ilhali swichi bado imegusa. Kwa macho, hali hizo zote mbili hazina tofauti na koili iliyokufa. Na ndiyo maana waya hiyo huchomolewa kwanza, kabla ya kugusa pochi ya mtu. Ukiichomoa na cheche ikatokea, koili ni nzima, tafuta shida kwenye waya, swichi au kebo. Ikikosekana, hapo ndipo unaangalia kutu kwenye sumaku na kwenye miguu ya koili (mashine iliyonyeshewa hushika kutu hapo, msasa laini unatosha), kofia ya plagi, na nafasi kati ya koili na flaiwili. Injini nyingi za kampuni ya Briggs & Stratton zinataka nafasi hiyo iwe kati ya milimita 0.25 na 0.36, na pengo la kwenye ncha ya plagi liwe milimita 0.76. Koili inakuja mwisho kabisa. Yule fundi aliifanya ya kwanza kwa sababu koili ina faida na kuchomoa waya hakuna faida.

Na hiyo hadithi ya sumaku kufa ndiyo iliyoniudhi kuliko yote. Mzee alishika bisibisi karibu na flaiwili, ikavutwa ikanata hapo hapo. Sumaku iko imara. Mtu alitaka niuze kazi yangu kununua injini kwa maneno ambayo bisibisi ya mfukoni mwake ingeyakanusha.

Kuna jambo lingine na hili si la pesa. Nilipokuwa Kariobangi, kulikuwa na jamaa mwingine na mashine kama yangu. Fundi wake "alimsaidia" kwa kuikata kabisa ile waya ya kuzima. Moto ulirudi, akalipa, akaenda. Sasa akiachilia mpini, injini inaendelea kupigana na breki, na siku breki ikiisha kisu hakisimami. Kisu hicho kinazunguka takriban mara 3,000 kwa dakika. Marekani walipitisha kanuni iliyoanza kutumika 1982 kwamba kisu cha mashine ya kusukuma lazima kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya mtu kuachilia mpini, kwa sababu watu walikuwa wanapoteza vidole na miguu. Hapa kwetu fundi anaondoa ulinzi huo kwa koleo na kukutoza pesa. Vijana tunaowatuma kukata nyasi kwenye mabustani ya watu ndio watakaoumia, na wengi wao hawana hata viatu vigumu. Kuchomoa waya ni kwa kupima tu. Ukimaliza unairudisha. Fundi anayeikata na kukupa mashine amekupa hatari, na anajua.

Wengine mtaniambia hivi ndivyo mji ulivyo, nikubali. Sikubali. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaostahili, na haki ya kupewa habari anazohitaji. Karatasi ya ukutani haifuti Katiba. Nimeshauriwa niende Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Dai langu ni dogo, lakini nina ujumbe wa M-Pesa wenye tarehe na saa, na mzee wa jenereta amekubali kueleza alichokuta. Aliyewahi kwenda huko kwa kesi ya fundi anieleze ilivyomwendea.

Nauliza mambo mawili na naomba majibu ya kweli, si matangazo ya biashara. Kwanza, mafundi wa mashine ndogo hapa Nairobi wanaopima mbele yako kabla ya kutaja bei ya spea, wako mitaa gani? Andikeni mtaa tu. Sisi tunaokata nyasi tunahitaji orodha hiyo msimu huu, si mwaka ujao. Pili, nani mwingine ameambiwa koili imeungua, akalipa, na koili yake ya zamani "ikatupwa"? Kwa sababu koili yangu ilikuwa nzima. Ilitolewa ikiwa nzima na ikabaki dukani. Mtu fulani anaweza kuwa ameuziwa kama spea, na kama nimekosea kuhusu hilo, basi fundi anipatie hiyo koili mkononi. Niko tayari kuja kuichukua kesho asubuhi.