Sakafu ya mbao inanuka ukungu: matundu, feni au zege?

Mkaazi wa Mkomani: Assalaam alaykum ndugu zangu. Nyumba ya marehemu babu hapa Lamu ina chumba cha chini chenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya udongo. Tangu masika harufu ya ukungu haikatiki, na ubao mmoja unabonyea ukikanyagwa. Fundi mmoja anataka kutoboa matundu ya hewa, wa pili apendekeza feni ya kuvuta hewa, wa tatu anasema ning'oe mbao nimwage zege. Kazi inaanza wiki ijayo; nichague ipi?

Fundi Chokaa: Bwana, hujatueleza yaliyo muhimu. Uwazi ulio chini ya mbao una kina gani? Je, kuta mbili zinazokabiliana ziko wazi, au mmoja umeshikana na wa jirani? Zimepakwa chokaa au saruji?

Mkaazi wa Mkomani: Kina ni kama shubiri mbili. Ukuta mmoja unatazama kichochoro, wa pili unatazama ua wa ndani. Nje tulipaka saruji.

Bint Shela: Saruji hiyo ndiyo iliyotuumiza sisi. Mawe ya matumbawe hunyonya maji na chumvi kutoka ardhini, na chokaa huyaacha yatoke. Saruji huyafungia ndani. Sisi tulipaka saruji, kisha tukaziba matundu manne kwa kuwaogopa panya. Baada ya masika mawili niliinua ubao mwenyewe nikakuta kichwa cha boriti, pale kinapoingia ukutani, kimekuwa cheusi na laini hata ufunguo wa mlango ukazama wote. Tulibadilisha boriti tano. Tafadhali usimwage zege.

Msomaji wa Ramani: Kanuni za Uingereza hutaka matundu ya hewa yenye uwazi wa milimita 1500 za mraba kwa kila mita ya ukuta, katika kuta mbili zinazokabiliana. Feni ni ya uhakika zaidi.

Fundi Chokaa: Ndugu yangu, feni italiwa na chumvi, na umeme ukikatika imelala. Kipimo hicho ni kizuri kuanzia, lakini masika hewa ya nje yenyewe imejaa maji. Matundu hufanya kazi hasa wakati wa kaskazi. Yawekwe wavu usioshika kutu, na yawe juu kuliko maji ya kichochoroni yanapofika.

Mwana wa Langoni: Kabla ya kutoboa, pitia ofisi ya makumbusho. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Halafu, bafu liko wapi?

Mkaazi wa Mkomani: Birika, yaani tangi la maji ya kuogea, liko nyuma ya ukuta huo huo, karibu na ubao unaobonyea. Sikudhani linahusika.

Fundi Chokaa: Lijaze usiku, lifunike, utie alama ya mkaa kwenye usawa wa maji. Ukiamka, tuambie yameshuka kiasi gani, na mafundi wote watatu wasubiri.