Form six PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), naanzia wapi kutafuta skolashipu?

binti_wa_PCB: Habari zenu wakuu, niko form six PCB Tabora, baba alishafariki na mama anauza maandazi so ada ya chuo hawezi kabisa, nasikia kuna Samia Scholarship ya serikali lakini huku hakuna anayejua vizuri, je naomba sasa hivi au nasubiri matokeo?

dada_mkubwa: Pole mdogo wangu. Hiyo ilianza 2022/2023, wanachukua waliofaulu juu sana form six masomo ya sayansi, kwa hiyo mpaka NECTA (baraza la mitihani) watoe matokeo. Ila usitegemee mlango mmoja, dirisha la mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) likifunguka omba pia, na ukitaka nje angalia skolashipu za Mastercard Foundation, pale unaomba kupitia chuo chenyewe mfano Makerere ya Uganda. Na mtu akikwambia tuma hela nikupitishie jina, huyo tapeli, mblock hapohapo.

mzee_wa_vyeti: Anza na karatasi LEO. Cheti chako cha kuzaliwa na cha kifo cha baba vinatakiwa vihakikiwe RITA (wakala wa serikali wa vizazi na vifo), mimi cha kuzaliwa kiliandikwa Rashidi, cha form four Rashid, hiyo "i" moja ilinizungusha wiki tatu mpaka nikaenda kula kiapo mahakamani huku deadline inakaribia, nilikuwa silali.

binti_wa_PCB: Duh nimetoa cheti kwenye mfuko wa mama sasa hivi, jina la kati halifanani. Jumatatu naenda. Asanteni sana.