Mjadala: Mianzi iliyotelekezwa Japani, ikatwe au iachwe?

Mwanamisitu: Wanajukwaa, tangu machipukizi ya mianzi ya kula, ya bei nafuu kutoka China, yalipojaa masokoni, na plastiki ikachukua nafasi ya vikapu, wakulima wengi wa visiwa vya Kyushu na Shikoku wameyatelekeza mashamba yao ya mianzi aina ya moso. Shamba linalotunzwa hubaki na mashina 2,000 hadi 3,000 hivi kwa hekta. Likiachwa husongamana, kivuli kikatanda mwaka mzima, na chini ikabaki mimea michache ivumiliayo giza, kama aoki. Mgeni wa namna hii hufukuzwa. Serikali igharimie ukataji.

Bi Kivulini: Kauli ya kumfukuza mgeni imenikera. Moso iliingia Japani katika karne ya 18, kupitia Satsuma, kusini mwa Kyushu, kama sikosei, na vizazi vimekula machipukizi yake. Ikiwa ugeni ni hatia, nasi tung'oe mihogo na mahindi yaliyovuka Atlantiki.

Mzee wa Shamba: Dada yangu, muhogo haujawahi kuhamia shamba la jirani wenyewe. Mashina tambazi ya moso hupenya chini ya ardhi mpaka msituni, na chipukizi hupita mita 10 katika miezi michache, likaufunika mwaloni uliokua kwa miongo.

Bi Kivulini: Hata hiyo moso ilipandwa na wakulima haohao mnaowahurumia. Aliyetelekeza ndiye alipe.

Mtafiti Mdogo: Alipe nani, ilhali wenye mashamba wengi wamezeeka, au wamefariki na warithi wao wako mijini? Tena, kukata mara moja hakutoshi: mashina yaliyobaki ardhini hutoa machipukizi membamba, na yasipofyekwa kila mwaka kwa miaka kadhaa, giza hurudi. Yakifyekwa, huota mbegu zilizolala udongoni pamoja na zile ziletwazo na ndege, ikitangulia miti ipendayo jua kama akamegashiwa. Ila penye kulungu wengi aina ya sika, miche hiyo huliwa na ikabaki ile wasiyoipenda, hata mtu akajikuta amewaandalia karamu.

Mzee wa Shamba: Basi kulungu wawindwe kwanza, ndipo tujadili gharama za mianzi.

Mtafiti Mdogo: Wawindaji nao wamezeeka, Mzee, sawasawa na wenye mashamba. Leta pendekezo jingine.