Matembezi ya kuongozwa mjini Bath kwa wasomaji wa Jane Austen: siku moja inatosha?

Msomaji Mtulivu aliuliza:

Salamu kwenu, ndugu wasomaji. Sisi ni watu wanne ambao kwa mwaka mzima tumekuwa tukisoma riwaya za Jane Austen pamoja, na mwezi wa tano tutakuwa London kwa shughuli nyingine, tukiwa na siku moja tu ya kwenda Bath na kurudi kwa treni. Tumekwisha kumaliza Northanger Abbey na Persuasion, na hizo mbili ndizo zilizotutia hamu ya kuuona mji wenyewe, kwa sababu humo mitaa hutajwa kwa majina, na kila mtaa hueleza jambo kuhusu mtu anayekaa hapo.

Swali langu lina sehemu mbili. Kwanza, je, ni afadhali tujiunge na matembezi ya kuongozwa, au tutembee wenyewe vitabu mkononi? Miaka kadhaa iliyopita nililipia matembezi ya aina hiyo katika mji mwingine wa Uingereza, na mwongozaji wetu alishughulika zaidi na kutuonyesha palipopigwa picha za filamu kuliko kukieleza kitabu. Nilirudi nimechoka miguu, na nilichokijua ni kilekile nilichokwenda nacho. Pili, mmoja wetu ni mama mtu mzima mwenye goti linalomsumbua, naye ndiye aliyesoma kwa makini kutupita sote, kwa hiyo sipendi abaki kwenye benchi wakati wengine wanapanda vilima. Nitamshukuru yeyote anayeufahamu mji huo kwa miguu yake.

Mwalimu wa Fasihi alijibu:

Ndugu yangu, niliishi Bath miaka miwili nikisoma, na kila wikendi nilikuwa nikiizunguka mitaa hiyo, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa urefu.

Asubuhi jiungeni na matembezi ya wale waongozaji wa kujitolea walio chini ya Meya wa mji. Utaratibu huo ulianza mwaka 1934, matembezi huchukua kama saa mbili, hayalipiwi, na waongozaji wenyewe hawapokei bakshishi hata ukiwabembeleza. Huanzia kwenye uwanja ulio mbele ya kanisa la abasia, penye mlango wa Pump Room, ukumbi wa kunywea maji ya chemchemi. Wao watawapa historia ya mji, nayo ndiyo msingi. Mambo ya riwaya fuateni wenyewe mchana, kwa sababu mwongozaji wa watu ishirini hawezi kusimama kwenye kona moja ili msome ukurasa mzima kwa sauti, na nyinyi mtataka kufanya hivyo.

Jambo ambalo ningependa mlishike tangu mwanzo ni kwamba mji huu ni kama ngazi. Chini, karibu na mto Avon, ndiko ziliko chemchemi za maji moto, abasia, maduka na nyumba za kupanga za bei nafuu. Kadiri unavyopanda kuelekea kaskazini ndivyo hewa ilivyokuwa safi zaidi, kodi ikawa kubwa zaidi, na majina ya wapangaji yakawa mazito zaidi. Austen alilijua hilo kwa undani. Katika Persuasion, Sir Walter Elliot, ambaye amelihama jumba lake kwa sababu ya madeni, anapanga Camden Place, juu kabisa kilimani, mahali ambapo leo panaitwa Camden Crescent. Bibi Smith, mjane maskini na mgonjwa, anakaa Westgate Buildings, chini. Anne, binti wa Sir Walter, anaposema kwamba anakwenda kumtembelea rafiki yake huyo, baba yake hamuulizi hali ya mgonjwa, bali anashangazwa na anwani. Mkienda Camden Crescent, tazameni ile pembetatu ya mawe iliyo juu ya nguzo: ilikusudiwa iwe katikati ya safu ya nyumba, lakini ardhi ya upande wa mashariki iliporomoka na nyumba za upande huo hazikumalizika, hivyo pembetatu imebaki upande mmoja hadi leo. Mwandishi alimpa mtu mwenye majivuno makazi ya juu, kwenye kilima ambacho ardhi yake ilikuwa imekataa kubeba nyumba. Sina shaka kwamba wasomaji wake walioujua mji walilitambua hilo.

Njia ya kawaida ya kupanda huanzia Queen Square, iliyojengwa na John Wood kati ya 1728 na 1736. Simameni upande wa kusini mtazame kaskazini: ni nyumba kadhaa zilizounganishwa zikafanana na kasri moja, na hilo ndilo wazo lililoujenga mji mzima. Kutoka hapo mnapanda Gay Street, ambako Jane mwenyewe aliwahi kukaa katika nambari 25, mpaka The Circus, duara la nyumba 33 ambalo Wood alianza kulijenga mwaka 1754, akafariki mwaka uleule, na mwanawe mwenye jina lilelile akalimaliza. Inueni macho mpaka juu kabisa ya ukuta na mtaona matunda ya mwaloni yaliyochongwa kwa mawe. Yanakumbusha hadithi ya Bladud, mwana wa mfalme aliyekuwa mchunga nguruwe, wanyama wapendao matunda hayo, kwa sababu ya ukoma, akapona katika matope ya moto ya mahali hapo.

Hatua chache kuelekea magharibi ndiyo Royal Crescent, nyumba 30 zilizopangwa kwa umbo la hilali, kazi ya Wood mdogo kati ya 1767 na 1775. Watu wengi hupiga picha wakaondoka. Nawaomba mfanye mambo mawili zaidi. Kwanza, sogeeni kwenye milango ya nyumba za mitaa hii mkatafute vizimio vya chuma, vyenye umbo la pembe, vilivyofungwa kwenye vyuma vya uzio: vijana waliokodishwa kubeba mienge mbele ya machela usiku walikuwa wakiingiza mwenge humo kuuzima mara bwana au bibi alipofika. Pili, zungukeni nyuma ya hilali. Kule mbele kila kitu kimelingana kwa nguzo 114, lakini nyuma kila mwenye nyumba alijijengea apendavyo, kuta zimetokeza na kuingia, madirisha hayalingani, na paa moja liko juu ya jingine. Kwangu mimi hapo ndipo riwaya za Austen zilipo, kwenye nafasi iliyo kati ya sura ya mbele na maisha ya nyuma.

Kisha teremkeni kwa Gravel Walk, kile kijia tulivu kinachopita nyuma ya bustani za nyumba. Katika Persuasion, Anne na Kapteni Wentworth, baada ya ile barua ya mapenzi aliyomwandikia Anne, waligeukia kijia kilicho kimya mbali na umati ili wazungumze hatimaye, na ndicho hicho kinachooneshwa hadi leo. Someni sura hiyo mkiwa hapo. Barua yenyewe iliandikwa katika nyumba ya wageni ya White Hart, iliyokuwa ikitazamana na Pump Room. Ilibomolewa katika karne ya 19.

Mkutubi alijibu:

Nakubaliana na Mwalimu, ila nahofia kwamba wasafiri wetu watarudi wakidhani Austen aliupenda mji huu na kuandika sana akiwa humo. Northanger Abbey aliitunga kwa sehemu kubwa kabla ya kuhamia, kutokana na alichokiona katika ziara zake za miaka ya 1790. Persuasion aliiandika miaka kumi hivi baada ya kuondoka, na zote mbili zilichapishwa Desemba 1817, miezi mitano baada ya kifo chake. Alikaa Bath kuanzia 1801 hadi 1806, na kazi anayojulikana kuianza huko ni The Watsons, ambayo aliiacha bila kuimaliza. Baba yake alifariki Januari 1805, na baada ya hapo mama na mabinti wawili walihama kutoka nyumba moja ya kupanga hadi nyingine iliyo duni zaidi, wakafikia Trim Street. Miaka miwili baada ya kuondoka alimwandikia dada yake kwamba alikumbuka siku ile ya kuondoka kwa furaha ya mtu aliyenusurika. Mnaposimama mbele ya nambari 4 Sydney Place, nyumba yao ya kwanza na iliyokuwa nzuri kuliko zote, mjue kwamba hapo ndipo ngazi ilipoanza kushuka kwao.

Aliyeandika sana Bath ni Mary Shelley. Alifika Septemba 1816 akiwa na umri wa miaka 19, akapanga nambari 5 Abbey Churchyard, na huko aliendeleza sehemu kubwa ya Frankenstein, ambayo wazo lake lilimjia majira ya kiangazi ya mwaka huo kando ya ziwa la Geneva. Miezi ile ilikuwa migumu: dada yake wa mama mmoja, Fanny, alijiua Oktoba, na mke wa kwanza wa mpenzi wake, Percy Shelley, akapatikana amekufa maji Desemba. Nyumba haipo tena, kwa kuwa ilibomolewa Pump Room ilipopanuliwa, na kibao cha kumbukumbu kiliwekwa ukutani mwaka 2018 tu, yaani miaka 200 baada ya kitabu kutoka. Mtakuwa mmesimama hatua chache kutoka hapo mkimsubiri mwongozaji. Kitafuteni.

Binti wa Maktaba alijibu:

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mkutubi. Naomba kuongeza mambo ambayo matembezi mengi huyapita haraka.

Uzuri wa mji ule ulilipiwa, na sehemu ya malipo ilitoka kwenye mashamba ya miwa ya Karibi yaliyolimwa na watumwa. William Beckford, mwandishi wa Vathek, alirithi mashamba hayo huko Jamaica, na mnara wake uliomalizika mwaka 1827 bado unaonekana juu ya kilima cha Lansdown. Mwulizeni mwongozaji wenu kuhusu jambo hilo waziwazi. Mwongozaji mzuri hatalikwepa.

Jambo jingine ni Mfalme Haile Selassie. Italia ilipoivamia Ethiopia, alikuja kuishi uhamishoni Bath kuanzia 1936, katika nyumba iitwayo Fairfield House, magharibi mwa mji, mpaka aliporudi Afrika mwaka 1940 kupigania nchi yake. Mwaka 1958 aliitoa nyumba hiyo kwa mji ili itumiwe na wazee. Iko mbali na njia ya kawaida ya watalii, na kwa siku moja huenda msiifikie, lakini naona si haki mtu wa Afrika aondoke Bath bila kujua kwamba ipo.

Na mkipita kwenye Assembly Rooms, ambako Catherine Morland wa Northanger Abbey alisongwa na umati wa wacheza dansi bila kumjua hata mtu mmoja, kumbukeni kwamba jengo hilo la mwaka 1771 liliungua kwa mabomu ya Wajerumani Aprili 1942, katika mashambulizi yaliyoua zaidi ya watu 400 mjini. Thurea zake za kioo, yaani taa kubwa za kuning'inia darini, zilinusurika kwa sababu zilikuwa zimeteremshwa na kufichwa vita vilipoanza. Jengo lilifunguliwa upya mwaka 1963.

Msomaji Mtulivu:

Nimewasomea wenzangu majibu yenu kwa sauti, na mama yetu ameomba jambo moja: mabafu ya kale ya Warumi yanastahili muda wetu, au tuyaache? Na kuhusu goti lake, tufanyeje?

Mwalimu wa Fasihi:

Msiyaache. Ingieni kwenye mabafu ya Kirumi mara tu baada ya matembezi ya asubuhi, kwa kuwa yapo palepale. Maji bado yanatoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 46 hivi, zaidi ya lita milioni moja kwa siku. Lakini kwa watu wa vitabu, chumba muhimu ni kile chenye vibamba vya madini ya risasi. Ni kama 130, vimeandikwa kwa mkono na watu wa kawaida, vikakunjwa na kutupwa kwenye chemchemi ili mungu wa kike Sulis Minerva avisome: huyu kaibiwa joho, yule kaibiwa fedha, naye anaomba mwizi asipate usingizi wala afya mpaka arudishe. Mama atafurahi, kwa sababu ni miongoni mwa maandishi ya zamani ya mji ule, na yameandikwa na walioudhika.

Kuhusu goti: mwambieni mwongozaji mapema kabla hamjaanza. Mama atembee nanyi sehemu ya chini, iliyo tambarare, kisha mmoja wenu apande naye teksi na kuwasubiri Royal Crescent, ambako kuna nyasi pana za kukaa na mandhari isiyozibwa na ukuta, kwani ukuta umefichwa ndani ya handaki lililochimbwa kuwazuia ng'ombe. Mchana chukueni teksi tena mpaka Camden Crescent, mshuke mtazame ile pembetatu, kisha dereva awapeleke Walcot, kwenye kanisa la Mtakatifu Swithin. Wazazi wa Jane walifunga ndoa katika parokia hiyo mwaka 1764, kabla kanisa la sasa halijajengwa, na baba yake akazikwa hapo 1805. Mwandishi Fanny Burney, ambaye Austen alimsoma na kumheshimu, amezikwa Walcot pia. Na kwa kuwa Binti wa Maktaba ameutaja utumwa, William Wilberforce, aliyepigania kukomeshwa kwake bungeni, alifunga ndoa katika kanisa hilohilo mwaka 1797. Jiwe la kaburi la mchungaji Austen, baba yake Jane, liko uani, nje, na kulifikia hakuhitaji kupanda kilima.