Nauza magazeti Ngamiani tangu 2003. Gazeti likihamia kwenye simu, mwenye meza ana nafasi gani?

MezaYaNgamiani:
Assalaam aleykum wadau. Nina meza ya magazeti hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa 20 na ushee sasa. Zamani gari la magazeti kutoka Dar likichelewa, wazee walinisubiri barazani na vikombe vya kahawa. Siku ya pili baada ya Simba na Yanga, Mwanaspoti lilikwisha kabla ya saa tatu. Siku hizi sijakata hata kamba ya furushi, kurasa za mbele zishafika WhatsApp. Mara nyingi ni gazeti zima: mmoja kanunua, kalitupa kwenye kundi, watu mia mbili wamesoma.

Simu siichukii, mwanangu wa mwisho anasoma kwayo. Linaloniuma ni wale wanaohitaji karatasi yenyewe. Majuzi alikuja mama kutoka Pongwe akitafuta gazeti la siku nane nyuma, lenye tangazo la mirathi ya marehemu mumewe. Mahakama imemtaka apeleke nakala. Nilipekua yale yasiyouzwa, yanayosubiri kurudishwa Dar, nikalipata chini kabisa. Alilishika kwa mikono miwili. Sasa magazeti yakiacha kuchapwa, mama kama huyu aende wapi? Na mimi?

BintiChumbageni:
Shikamoo mzee. Mimi nalipia Mwananchi la kwenye simu, kwa pesa za simu hizi hizi, na kabla sijatoka kwenda kazini nishalipitia. Baba macho yamepungua nguvu, namkuzia herufi anasoma mwenyewe. Wenzangu wakiniomba niwatumie nakataa, maana yupo mtu aliyelala nje akiitafuta hiyo habari. New York Times walianza kutoza wasomaji wa mtandaoni mwaka 2011, Nation la Kenya mwaka 2021. Kulipia tutazoea tu. Ila mzee, kwa nini wasikupe uwakala? Wateja wako wengi hawajui kujiunga. Uwaunganishe hapo mezani, upate kamisheni, kama wauza vocha.

KalamuYaPangani:
Mzee, mimi ndiye huyo anayelala nje. Ni mwandishi wa mkoani, nalipwa kwa habari inayotoka. Zamani mvua ikikata barabara ya Pangani nilikwenda, nikauliza, nikaandika, jioni nikatuma. Sasa kwanza inatakiwa video ya dakika moja, halafu picha, halafu aya mbili za mtandaoni, tena upesi. Ndipo nikae niandike ya gazeti, ambayo lazima iwe na jambo ambalo video haikulisema: fedha za daraja zilitengwa lini, mkandarasi kaishia wapi. Hiyo ndiyo kazi ninayoipenda, na ndiyo inayobakiziwa muda kidogo. Matangazo nayo yamekimbilia Facebook na Google, kwa hiyo wahariri wetu wanabana kila upande.

MwalimuMstaafu_Raskazone:
Vijana, gazeti la Kiongozi lilichapwa hapa hapa Tanga, kwenye shule ya serikali ya Wajerumani, kuanzia 1904 hadi wakati wa vita ya kwanza. Kwa Kiswahili! Leo kila gazeti unaloliona mezani linatoka Dar, na Tanga tunapata aya tatu ukurasa wa ndani. Mtandao hauna gharama ya karatasi wala lori. Basi watupe ukurasa wa Tanga wa kila siku: bei za samaki Deep Sea, kesi, misiba, vikao vya madiwani. Hata mimi niliyezoea karatasi nitalipia.

MezaYaNgamiani:
Mwalimu, shikamoo, hapo umenena. Binti, neno lako la uwakala nitalifikisha kwa anayetuletea mzigo. Kwa sasa nimemwomba aniachie nakala za wiki mbili za kila gazeti, yale yenye matangazo ya mirathi na minada, nayaweka kwenye sanduku chini ya meza. Yule mama kanipigia jana. Nakala imepokelewa.