Ushauri: kanzidata ipi ya makala za tiba niilipie kwa maktaba ya utafiti?

Rafu_ya_Juu:
Wakuu, habari za kazi. Nasimamia maktaba ya taasisi ya utafiti wa tiba. Wateja wangu ni madaktari, wauguzi na wanafunzi wa uzamili, na siku hizi kila wa pili anaandika mapitio ya kimfumo, yaani kukusanya na kupima tafiti zote za swali moja. Fedha iliyopo inatosha kanzidata moja tu ya kulipia. Mezani nina tatu: Embase, CINAHL na MEDLINE kupitia Ovid, jukwaa la kutafutia la kulipia. Bosi kila tukipishana koridoni ananiuliza, "Tulipe ya nini wakati PubMed ni bure?" Sina jibu la kumridhisha. Muuzaji mmoja naye kanijazia slaidi, zote zinahesabu mamilioni ya rekodi, yaani maelezo ya makala mojamoja. Nisaidieni.

Kitabu_Wazi:
Mkuu, bosi ana hoja. PubMed ni ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, na kiini chake ni hiyohiyo MEDLINE unayotaka kuilipia. Ukichukua Ovid hupati makala mpya, unapata namna nyingine ya kutafuta. Zamani ilijitetea kwa kukuwezesha kudai maneno mawili yakae jirani. Mwaka 2022 PubMed nayo ikaleta hilo, ingawa kwa vichwa na mihtasari. Mimi hiyo ningeifuta kwanza.

Mama_Katalogi:
Mwanangu, hayo mamilioni yasikutishe. Jiulize nani anazipanga hizo rekodi. Mtafiti akiandika neno la Kiingereza "cold", anataka nini? Mafua, baridi ya hewa, au kifupisho cha ugonjwa sugu wa mapafu? MEDLINE ina MeSH, faharasa ya istilahi rasmi inayotenganisha hayo matatu. Embase ina yake, Emtree, na hazifanani: mshtuko wa moyo MeSH wanauita "myocardial infarction", Emtree ni "heart infarction". Mwanafunzi akihamisha mkakati wake wa kutafuta, yaani maneno aliyoyapanga, kama ulivyo kutoka moja kwenda nyingine, istilahi zinapotea kimyakimya naye anadhani makala hazipo.

Kuhusu chaguo: Embase ina nguvu kwenye dawa, vifaa tiba na mihtasari ya makongamano. CINAHL ni nyumba ya wauguzi na fani jirani. Sasa wewe wateja wako wakubwa ni akina nani?

Rafu_ya_Juu:
Shikamoo mama. Maswali mengi yanayofika dawatini ni ya dawa na madhara yake. Wauguzi wapo, ila wachache.

Mama_Katalogi:
Marahaba. Basi macho yaende Embase, lakini usininunulie kwa maneno yangu. Omba muda wa majaribio. Chukua mapitio mawili matatu yaliyokamilika hapo kwenu, toa orodha ya makala zilizoingizwa humo, kisha itafute kila moja kwa kichwa chake kwenye Embase na kwenye PubMed. Unachosaka ni zile zilizopo Embase tu. Usianze na mkakati mzima, maana makala ikikosekana hutajua kama haimo au ni mkakati wako uliiruka.

Msomaji_Usiku:
Naongeza: CENTRAL, ndani ya Cochrane Library, inatafutwa bure na inakusanya rekodi za majaribio ya tiba kutoka PubMed na Embase. Kama mapitio yenu ni ya majaribio ya nasibu peke yake, yaani yale ya kugawa wagonjwa makundi kwa bahati, pengo la kukosa Embase linapungua sana. Pia angalieni kama taasisi inastahili Hinari, mpango wa WHO ulioanza 2002: nchi za kundi A hawalipi, kundi B wana ada. Ila huo unakupa matini kamili. Usichanganye na kanzidata, ambayo mara nyingi inakuonyesha muhtasari halafu inakuacha mlangoni.

Kitabu_Wazi:
Na mkataba usome mpaka mwisho! Sisi tuliwahi kusaini leseni ya mtumiaji mmoja kwa wakati. Kijana mmoja akaacha dirisha wazi akaenda kula, idara nzima ikakaa nje ikimsubiri. Uliza idadi ya watumiaji, kuingia ukiwa nyumbani, kuhamisha rekodi kwa faili la RIS linalosomwa na programu za marejeo, takwimu za matumizi kwa kiwango cha COUNTER, na kama mkataba unajihuisha wenyewe.

Rafu_ya_Juu:
Mrejesho wakuu. Ovid nimeifuta. Nimepata majaribio ya Embase na kupima kwa mapitio mawili. Ya kwanza, ya upasuaji, kila makala ilikuwa PubMed. Ya pili, ya madhara ya dawa, mbili zilionekana Embase tu, zote mihtasari ya makongamano. Sijui bosi atasema ni nyingi au chache.

Mama_Katalogi:
Usimpelekee idadi. Mpelekee hiyo mihtasari miwili aisome, kisha muulize kama yale mapitio yangeandikwa vilevile bila hiyo.

Rafu_ya_Juu:
Mmoja unataja madhara ambayo hayamo kwenye makala nyingine yoyote. Nauchapa sasa hivi.