Mjadala: Je, Uingereza ya leo inaweza kumtoa Pete Postlethwaite mwingine?

MTOA HOJA

Waingereza wamebishana kwa miaka mingi kama mtoto wa mfanyakazi wa kawaida bado anaweza kuingia katika uigizaji na kudumu humo. Naleta suala hilo hapa kwa kumtazama mtu mmoja, mwigizaji Pete Postlethwaite, kwa sababu naamini maisha yake yanalijibu, na jibu lenyewe linanisikitisha.

Alizaliwa mwaka 1946 mjini Warrington, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, katika familia ya Kikatoliki ambayo baba yake alikuwa fundi wa mapipa ya mbao. Aliwahi kufikiria upadri, akasomea ualimu na kufundisha, ndipo akaingia chuo cha uigizaji cha Bristol Old Vic. Hakuwa na sura ya stelingi: mashavu yalikuwa mifupa mitupu, pua nene, na ngozi kama ya mtu aliyefanya kazi nje maisha yake yote. Alishauriwa abadilishe jina la ukoo, akakataa. Nafasi alizopewa zilikuwa za baba, padri, wakili, bwana mkubwa wa uwindaji, yaani wale watu ambao mtazamaji hukumbuka uso wao hata kama jina limemtoka.

Itazameni filamu ya Brassed Off ya mwaka 1996. Anaigiza kiongozi wa bendi ya wachimbaji wa makaa ya mawe ambaye vumbi la mgodini limemwozesha mapafu. Usiku, wanabendi wake wanasimama nje ya hospitali, taa za kofia zao za mgodini zikiwaka, na kumpigia muziki. Yeye yuko kitandani, hasemi neno, na bado unasikia katika uso ule kijiji kizima kinachopoteza kazi. Sidhani kwamba uso wa namna hiyo unafundishwa chuoni peke yake. Umetoka mahali, na watoto wa mahali hapo ndio leo wanaofungiwa mlango.

Kizazi chake kilisoma wakati halmashauri zikilipa ada na kutoa ruzuku ya kujikimu. Wanafunzi wenyewe walianza kutozwa ada za vyuo vikuu mwaka 1998, hadi pauni 1,000 kwa mwaka. Kufikia 2012 zilikuwa zimepanda hadi pauni 9,000 nchini England, na mwaka 2016 ruzuku za kujikimu zikageuzwa mikopo. Mwigizaji Julie Walters, aliyekuwa pamoja naye katika ukumbi wa maigizo wa Everyman mjini Liverpool miaka ya 1970, amesema hadharani kwamba bila ruzuku ile yeye asingekuwa mwigizaji.

MCHANGIAJI

Ndugu mtoa hoja, nakuheshimu, lakini naona unaisifu mno enzi iliyopita. Postlethwaite huyo huyo alikuwa na miaka 47 dunia ilipomjua, mwaka 1993, alipoigiza baba mfungwa katika filamu ya In the Name of the Father, iliyomfanya ateuliwe kuwania Oscar. Hiyo si njia iliyofunguliwa, ni njia ya miiba. Halafu tazama mwigizaji Stephen Graham, mtoto wa Kirkby karibu na Liverpool, aliyezaliwa mwaka 1973. Naye hana sura ya stelingi, na leo anaheshimika duniani kote. Kipaji kikiwapo kitajitokeza tu.

MTOA HOJA

Ndugu yangu, umeshika penyewe, ila mimi nalisoma jambo hilo upande wa pili. Mwigizaji wa aina hii hukomaa polepole, kwa kuwa thamani yake iko katika uso uliokwisha kuishi. Swali ni nani anayemlisha katika miaka yote hiyo ya kusubiri. Postlethwaite alilishwa na mshahara wa jukwaani: kwanza Everyman, kisha Royal Shakespeare Company, kundi la kuigiza tamthilia za Shakespeare, zote zilizosimama kwa fedha za umma kupitia Baraza la Sanaa, chombo kilichopata hati yake ya kifalme mwaka ule ule aliozaliwa Postlethwaite. Asingekuwa na mshahara huo, angerudi kufundisha, na mwaka 1993 pasingekuwa na mtu wa kuigiza baba yule. Kuhusu Graham, naye alipitia kundi la vijana la Everyman hiyo hiyo, na ada za 1998 zilipoanza alikuwa na miaka 25. Hajapingana na hoja yangu. Yeye ni mmoja wa waliowahi kupita kabla mlango haujafungwa.

Nawakumbusha pia, hasa wenzangu wa Kenya, kwamba huyu ndiye daktari wa kambini katika The Constant Gardener, filamu ambayo sehemu yake ilipigwa Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Mwaka 2008, akiwa na miaka 62, alirudi Everyman kuwa Mfalme Lear katika tamthilia ya Shakespeare, ingawa kwa jina alilokuwa nalo angeweza kuanzia jukwaa lolote la London. Alifariki Januari 2011 kwa saratani. Mwaka huo huo ukumbi ulifungwa ili ubomolewe, na mpya ukafunguliwa 2014, ukapata Tuzo ya Stirling ya usanifu majengo. Jengo ni zuri, sina ubishi. Ninachouliza wachangiaji ni hiki: mtoto wa fundi mapipa wa Warrington leo, nani atamlipia hadi afike jukwaani pale, na nani atamlisha hadi afikishe miaka 47?